Mkono Hausemi Uongo: Filamu za Kutisha Zinavyofichua Urafiki Ulioingia Doa

Lugha yetu inapozungumzia urafiki, huanzia mkononi. Aliyefiwa hupewa mkono wa tanzia. Waliogombana wakipatanishwa huambiwa wapeane mikono. Anayemwacha mwenzake wakati wa shida husemwa kuwa amemtupa mkono. Hata shikamoo, wazee hutueleza kwamba asili yake ni kushika miguu ya aliyekuzidi umri. Kwa hivyo mtazamaji wa huku Pwani anapoketi kutazama filamu ya kutisha, tayari anajua jambo ambalo mwelekezi wa filamu anategemea alijue: kwamba watu wawili wanavyoshikana, au wanavyoacha kushikana, ni habari kamili.

Makala haya yanaeleza jinsi habari hiyo inavyosimuliwa katika filamu tatu ambazo zinaonekana kuwa ni za majitu, mapepo na damu, lakini ukizitazama vizuri utaona ni za marafiki wawili ambao kitu fulani kimewaharibikia. Ni The Descent ya mwaka 2005, Jennifer's Body ya mwaka 2009, na Talk to Me kutoka Australia iliyosambaa duniani mwaka 2023. Nitalazimika kufichua mambo mengi, pamoja na namna zinavyomalizika. Asiyependa kuharibiwa uhondo azitazame kwanza, kisha arudi hapa.

Kwa nini filamu za kutisha?

Katika tamthilia za kawaida za televisheni, marafiki wakikosana huambiana. Mmoja husimama sebuleni akamwaga yote yaliyo moyoni, mwingine akalia, na muziki ukapanda. Mtazamaji hana la kubahatisha.

Filamu ya kutisha haina nafasi hiyo. Wahusika wanakimbia, wamejificha, au wanaogopa hata kupumua. Mara nyingi ni giza, kwa hivyo nyuso hazionekani sawasawa. Maneno yakipungua na macho yakinyimwa mwanga, kinachobaki ni ngozi. Nani amemshika nani? Nani ameachia kwanza? Nani alinyoosha mkono ukabaki hewani? Mwelekezi mzuri huyapanga maswali haya kwa makusudi, na huyapanga mapema, kabla jitu lolote halijatokea.

Kuna sababu ya pili. Hofu ya filamu hizi hujengwa juu ya kuguswa. Tunaruka kwenye kiti pale mkono unapomshika mtu begani kutoka nyuma, na mara nyingine unageuka kuwa ni mkono wa rafiki tu. Mchezo huo mdogo una maana kubwa: unatufundisha kuuliza, kila mtu anapoguswa, iwapo aliyemgusa ni wa kheri au wa shari. Ukishazoea kuuliza hivyo kuhusu jitu, utajikuta unauliza vivyo hivyo kuhusu rafiki.

Wanawake sita ndani ya pango

The Descent iliandikwa na kuelekezwa na Mwingereza Neil Marshall. Inahusu wanawake sita wanaoingia pangoni katika milima ya Appalachia nchini Marekani. Wawili wanaotuhusu zaidi ni Sarah, anayeigizwa na Shauna Macdonald, na Juno, anayeigizwa na Natalie Mendoza. Kati yao yupo Beth, anayeigizwa na Alex Reid, rafiki wa wote wawili lakini aliye karibu zaidi na Sarah.

Ingawa hadithi ni ya Marekani, mapango yale yalijengwa studioni Pinewood, karibu na London. Matukio yalipigwa picha kwa mfuatano wa hadithi, na waigizaji hawakuonyeshwa viumbe wa pangoni mpaka siku ya kukutana nao mbele ya kamera. Mwanga mwingi tunaouona ni ule wa vifaa vya wahusika wenyewe: taa za kofia, kurunzi na fataki za ishara. Aliyewahi kuingia katika mapango ya Shimoni kule Kwale na kusogea hatua chache mbali na mlango anajua giza la aina hiyo. Hapo ndipo mtu anapojua thamani ya kumshika aliye mbele yake.

Viumbe wenyewe ni vipofu na huwinda kwa kusikiliza. Ni jambo dogo katika hadithi, lakini limefanya kazi kubwa. Anayepiga kelele anajiitia kifo. Marafiki hawa basi wananyang'anywa maneno, na wanabaki na mikono.

Mambo yanayotangulia pango

Ukitaka kuelewa kinachotokea chini ya ardhi, tazama kwa makini dakika za mwanzo, kabla ya pango.

Sarah, Juno na Beth wametoka kuteremka mto wenye maji ya kasi kwa boti la mpira. Wanacheka, wamelowa. Ukingoni wanasubiriwa na Paul, mume wa Sarah, na binti yao mdogo Jessica. Sarah anamwendea mtoto. Wakati huo huo, kwa kitambo kifupi tu, Paul yuko na Juno, na ukaribu wao unazidi kidogo ule unaotarajiwa kati ya mwanamume na rafiki wa mkewe. Hakuna anayesema lolote. Lakini Beth anawaona, na sisi tunamwona Beth akiona.

Hii ni mbinu ya kuangaliwa. Mwelekezi hamtumii Sarah kutuarifu, kwa sababu Sarah hajui. Anamtumia mtu wa tatu. Hata katika maisha, mguso wenye siri mara nyingi hugunduliwa na aliyesimama pembeni, si na mwenye kudhulumiwa.

Muda mfupi baadaye gari la familia linagongana na jingine barabarani. Paul na Jessica wanafariki. Sarah anazindukia hospitalini, anakimbia ukumbini akimtafuta mwanawe, na anayemdaka ni Beth. Beth anamkumbatia kwa nguvu huku Sarah akilia. Juno pia yupo, lakini kwa mbali. Analia, kisha anageuka na kwenda zake.

Tukio hilo ni la sekunde chache, na filamu nzima imo humo. Mwenye msiba ana marafiki wawili. Mmoja amempa mkono, mwingine amempa kisogo. Mtazamaji wa mara ya kwanza anaweza kudhani Juno ameshindwa kustahimili uchungu. Anayerudia kutazama anaona jambo jingine. Juno hawezi kumkumbatia Sarah kwa sababu machozi yake yeye ni ya kumlilia mtu yule yule. Amefiwa na mpenzi wa siri, na hana haki ya kupokea tanzia wala uso wa kuitoa.

Zawadi mahali pa ukweli

Mwaka mmoja baadaye Juno anawaita marafiki Marekani kwa ajili ya safari ya pangoni. Ni mwenyeji mkarimu, mchangamfu, anayeongoza kila kitu. Anataka mambo yarudi kama zamani. Katika kundi zima, hakuna anayejitahidi zaidi yake.

Lakini angalia anachokitoa. Hatoi ukweli, wala hatoi muda wa kukaa na Sarah wakalia pamoja. Anatoa tukio kubwa. Inakuja kugundulika kwamba hakuwapeleka kwenye pango linalojulikana, bali kwenye pango ambalo halijawahi kuingiwa na kuchorwa ramani, na wala hakumwambia mtu yeyote waliko. Anajitetea kwamba alitaka liwe lao, wapate sifa ya kuligundua, na hata lipewe jina la Sarah. Nia ilikuwa kurudisha kilichopotea kati yao. Matokeo yake ni kuwafungia wenzake watano chini ya ardhi bila mtu wa kuwatafuta.

Hapa filamu inasema jambo ambalo wengi wetu tunalijua. Mwenye hatia hupenda kutoa vikubwa ili asitoe kidogo kinachotakiwa. Tumewaona wanaokosa kufika matangani, kisha wakatuma fedha nyingi kwa M-Pesa, nyingi kuliko walizotoa waliofika. Fedha ile ni msaada wa kweli, hakuna anayeikataa. Lakini mwenye msiba hukumbuka nani alikuja akaketi naye mkekani.

Linganisha na Beth. Sarah anapokwama katika njia nyembamba na pumzi zinamshinda, Beth ndiye anayemrudia. Anajipenyeza mpaka wakawa uso kwa uso, anamtuliza kwa maneno ya upole na mzaha, mpaka Sarah anaweza kusogea tena. Kisha sehemu ile inaporomoka nyuma yao. Beth hana pango la kumzawadia mtu. Alichonacho ni kwamba yupo, karibu kiasi cha kuguswa.

Wahusika wengine nao wanatumiwa kama kipimo. Holly anapovunjika mguu, Sam, ambaye anasomea udaktari, anaurudisha mfupa mahali pake huku wenzake wamemshikilia Holly. Katika kuvuka shimo refu, Rebecca anaikamata kamba na inamkata mkono. Migusano hii inauma, lakini ni ya uaminifu. Marshall anatuonyesha kwamba maumivu peke yake si dalili ya urafiki mbovu. Rafiki anaweza kukuumiza kwa kukuokoa.

Kidani

Kisha linakuja tukio ambalo kila kitu kinaligeukia. Juno anapigana na viumbe wale kwa sururu yake ya kupandia miamba. Anapigana vizuri mno, amejaa damu na hofu. Anasikia kitu nyuma yake, anageuka kwa ghafla na kupiga. Aliyepigwa ni Beth, shingoni.

Hilo ni ajali. Mtu yeyote angeweza kulifanya, katika giza lile na kwa hofu ile. Beth anaanguka, na katika kuanguka mkono wake unakamata kidani kilicho shingoni mwa Juno, kinakatika na kubaki kiganjani mwake. Anamnyooshea Juno mkono, akimsihi asimwache. Juno anarudi nyuma hatua moja, hatua nyingine, kisha anaondoka.

Kupiga ilikuwa bahati mbaya. Kuondoka haikuwa bahati mbaya. Mwelekezi ameyatenganisha mambo haya mawili waziwazi ili tusije tukayachanganya. Na tukumbuke kwamba ni mara ya pili. Hospitalini Juno aligeuka akaenda zake wakati rafiki anamhitaji, na pangoni amefanya vivyo hivyo. Sasa tunaielewa tabia yake: ni shujaa mbele ya hatari, lakini hawezi kusimama mbele ya jambo alilolikosea mwenyewe.

Sarah anamkuta Beth bado yu hai. Beth anamwambia asimwamini Juno na anamkabidhi kidani. Kimeandikwa maneno mafupi ambayo Paul alipenda kuyasema. Sarah anaelewa yote bila kuhitaji kuelezwa. Angalia njia iliyopitiwa na habari hii: kutoka mkono wa Paul, hadi shingo ya Juno, hadi kiganja cha Beth, hadi kiganja cha Sarah. Siri iliyofichwa mwaka mzima imefika kwa mwenyewe kwa kugusana tu.

Beth anamwomba Sarah ammalizie maumivu yake. Sarah analia, anachukua jiwe, na anafanya hivyo. Kwa hiyo filamu inatuwekea marafiki wawili mbele ya majeruhi mmoja. Mmoja alimjeruhi kwa bahati mbaya akamkimbia. Mwingine alikaa naye hadi mwisho, na tendo la mwisho likawa zito kuliko yote. Si rahisi kulitazama, na halikukusudiwa liwe rahisi.

Bega kwa bega, kisha sururu

Juno naye hafai kuhukumiwa kwa haraka. Anapata fununu ya njia ya kutokea, lakini anakataa kuondoka bila Sarah. Anamtafuta kwa dhati. Hiyo ndiyo inayomfanya awe mhusika wa kukumbukwa: anampenda kweli rafiki aliyemsaliti. Mapenzi na usaliti vimekaa katika kifua kimoja, kama vinavyokaa kwa watu wengi tunaowafahamu.

Wanapokutana tena, Sarah anamuuliza kuhusu Beth. Juno anajibu kana kwamba Beth alikuwa amekwisha kufa. Sarah ananyamaza. Viumbe wanawavamia, na wanawake hawa wawili wanapigana pamoja, wakilindana migongo. Kwa mtu asiyejua kilichotangulia, tukio hilo ni picha kamili ya urafiki. Ni mara ya mwisho miili yao inafanya kazi pamoja, na inaifanya vizuri, wakati ndani mwao hakuna tena kilichobaki.

Mapigano yakitulia, Sarah anakinyanyua kidani. Hakuna hotuba. Juno anakiona na anajua. Sarah anampiga sururu mguuni na kwenda zake huku viumbe wakikaribia.

Kwa nini mguuni? Angetaka kumuua angempiga kichwani. Amemfanya Juno asiweze kuondoka. Aliyeondoka mara mbili amefungwa mahali pamoja, na safari hii Sarah ndiye anayempa kisogo. Ni kisasi kilichopimwa kwa kipimo kile kile.

Je, filamu inamsifu Sarah? Toleo la Uingereza linajibu waziwazi. Baada ya kutoka nje na kukimbia kwa gari, Sarah anazinduka na kujikuta bado yuko pangoni. Alikuwa anaota. Mbele yake anamwona binti yake na keki ya siku ya kuzaliwa, mishumaa inawaka, na sauti za viumbe zinasikika kwa karibu. Katika toleo la Marekani la mwaka 2006 sehemu hiyo ilikatwa, na filamu ikaishia garini, Sarah akiona sura ya Juno iliyojaa damu kando yake. Katika matoleo yote mawili hakuna aliyebaki wa kumshika mkono. Amelipa kisasi, na amebaki peke yake gizani au na mzuka.

Mkono ulioachiwa ukumbini

Jennifer's Body, iliyoandikwa na Diablo Cody na kuelekezwa na Karyn Kusama, ilipotoka haikufanya vizuri sokoni, lakini baadaye ikapata wapenzi wengi walioiona kwa jicho jipya. Jennifer, anayeigizwa na Megan Fox, ni msichana mrembo anayejua kuwa ni mrembo. Needy, anayeigizwa na Amanda Seyfried, ni rafiki yake tangu utotoni, mpole, wa kuvuta mkia.

Mapema katika filamu wasichana hawa wanakwenda ukumbini kuiona bendi ngeni. Wamesimama wameshikana mikono. Muziki unapokolea, Jennifer anamtazama mwimbaji kwa macho yaliyozubaa, na mkono wake unaachia mkono wa Needy. Kamera inaushuhudia mwachano huo. Jennifer hakukusudia ubaya. Hakuutupa mkono ule, ameusahau tu, na kwa Needy kusahauliwa kunauma zaidi.

Usiku huo huo ukumbi unashika moto, na Jennifer anaondoka na bendi ile katika gari lao. Wanamfanya kafara kwa shetani wakitafuta umaarufu, na anarudi akiwa si yule tena. Anaanza kuwala wavulana wa shule. Lakini ukirudi nyuma, utaona urafiki ulianza kukatika pale mikono ilipoachana, kabla ya shetani kuingia. Shetani alipita katika nafasi iliyokuwa wazi.

Mwishoni wanapambana chumbani kwa Jennifer. Needy anamng'oa shingoni kidani cha marafiki wa kudumu, alama ya ahadi yao tangu udogoni. Jennifer, ambaye hadi wakati huo alikuwa na nguvu zisizo za kibinadamu, anaishiwa papo hapo, na hapo ndipo Needy anapofaulu kumuua. Filamu mbili tofauti, nchi mbili tofauti, na zote zimefikia picha moja: kidani kikatikacho shingoni. Nadhani sababu ni rahisi. Kidani ni mguso unaobaki mwilini hata aliyekipa akiwa mbali. Kukivaa ni kuguswa mchana kutwa. Kukikata ni kusema mguso huo umekwisha.

Kumshika maiti, kumwachia aliye hai

Talk to Me ya ndugu wawili, Danny na Michael Philippou, inalisema jambo hili kwa njia ya wazi zaidi. Vijana wa Adelaide wana mkono uliokaushwa. Mchezo wao ni kuwasha mshumaa, kuushika mkono huo kama unavyopeana mkono na mtu, na kukaribisha roho ya mfu. Wameweka mpaka wa sekunde 90. Ukizidi, roho hukataa kutoka.

Mia, anayeigizwa na Sophie Wilde, amefiwa na mamake. Rafiki yake ni Jade, na kwa Jade ndiko alikojitafutia familia ya pili: mdogo wake Riley, na mama mkali mwenye huruma. Lakini urafiki wa Mia na Jade una kidonda kinachofichwa. Mpenzi wa Jade, Daniel, aliwahi kuwa karibu na Mia siku za nyuma, na kila mmoja anajifanya hilo limepita.

Riley anaposhika mkono ule, sauti ya mama yake Mia inaonekana kuzungumza kupitia kwake. Mia anashindwa kukatiza. Anataka sekunde chache zaidi, na Riley anaumia vibaya. Jade hawezi kumsamehe. Kuanzia hapo Mia anazidi kuushika mkono wa wafu kadiri mikono ya walio hai inavyomwepuka, na hadithi inamalizikia pale ambapo yeye mwenyewe yuko upande wa pili wa mchezo, gizani, akishikwa na mkono wa mtu asiyemjua.

Ukiweka filamu hii kando ya The Descent, utaona zote mbili zimeanzia kwenye msiba ambao haukuliliwa vizuri. Kwa Sarah, rafiki mmoja alikosekana kwenye kumbatio. Kwa Mia, uchungu ulikuwa mkubwa kuliko kumbatio alilolipata, akautafuta mahali pengine.

Namna ya kuusoma mkono

Kwa atakayetaka kuzitazama filamu hizi, au nyingine zozote, kuna maswali manne yatakayomsaidia.

Kwanza, wahusika hawa walikuwa wakigusana vipi mwanzoni? Bila kujua kawaida yao huwezi kuona kilichobadilika. Hili ni muhimu zaidi kwetu Pwani, ambako kutogusana mara nyingi ni adabu. Wengi wetu hatupeani mkono na asiye maharimu, na hakuna ugomvi wowote. Kinachosema jambo ni mabadiliko: waliokuwa wakikumbatiana sasa wanatikisiana vichwa, au waliokuwa na adabu ya umbali sasa wamesogeleana mno.

Pili, nani huachia kwanza? Katika salamu ya kawaida mikono huachana pamoja. Mmoja akiwahi, muulize kwa nini.

Tatu, kuna kitu gani kati yao? Kidani, sururu, kamba, zawadi. Kitu hicho mara nyingi hubeba kile ambacho mkono umeshindwa kukibeba.

Nne, nani mwingine anaona? Kama Beth kule mtoni, yupo anayeshuhudia, na kimya chake ni sehemu ya hadithi.

Funzo kwa urafiki wa kawaida

Wapo watakaosema filamu hizi ni za kupoteza wakati, na kwamba damu nyingi hivyo haina funzo. Kuhusu damu, sibishi. Si za watoto, na si za kila mtu mzima. Lakini kinachomtisha mtu katika The Descent, siku mbili baada ya kuitazama, si wale viumbe weupe. Ni wazo kwamba Juno alikuwa na mwaka mzima wa kusema kweli, akautumia kupanga safari.

Urafiki mwingi huvunjika hivyo. Kosa linatendeka, na kosa lenyewe pengine lingesameheka. Kisha unafika msiba, au ugonjwa, au aibu, na mwenye kosa hawezi kumkaribia mwenzake kwa sababu akimshika tu atalia, na akilia tu atasema. Basi anakaa mbali. Anatuma salamu, anatuma mchango, anaahidi tutaonana. Mwenzake haelewi. Anadhani ametupwa mkono kwa kuwa amefilisika au kwa kuwa uchungu wake umewachosha watu. Pengo linaota mizizi.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kufaa huko mara nyingi hakuhitaji pango wala mamilioni. Ikiwa una mtu uliyeacha kumkumbatia, na wewe mwenyewe unaijua sababu, jambo la kumpelekea ni hiyo sababu. Huenda akakusamehe, huenda asikusamehe. Lakini ataisikia kutoka kwako ukiwa umeketi mbele yake, kuliko kuipata kwa mtu mwingine siku ambayo wewe hupo kujieleza.